Mfereji Chini ya Kaunta

Juzi ofisini kwetu, huku Midrand, Afrika Kusini, mfanya usafi alikuwa anasugua kibao cha shaba kwenye mlango wa lifti. Ile dawa ya kung'arishia shaba ina harufu yake kali, inayokaa kooni. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikajikuta nimekiweka sakafuni, nimeegemea ukuta. Mwenzangu mmoja akaniuliza kwa upole kama nina mimba. Nikacheka, maana kumweleza ukweli kungetuchukua mchana mzima, na ukweli wenyewe ni wa aibu kidogo: mwanamke wa umri wangu, mwenye kazi ya kuchora ramani za maghala, alikuwa ameogopa harufu ya shaba.

Tulikuwa tunakaa Berea, mtaa wa Johannesburg, juu ya baa. Niseme vizuri: juu ya jengo lililokuwa baa zamani, kabla sijazaliwa. Mwingereza mmoja aliyekuwa na hamu ya kwao alilijenga kwenye kona ya barabara mbili, akaliezeka paa lenye mteremko mkali wa kumwaga theluji, theluji ambayo Johannesburg huiona mara moja kwa miaka mingi, nayo huyeyuka kabla ya chai ya saa nne. Nje, kuta nyeupe zilikuwa zimepigwa maboriti ya kahawia, mengine wima, mengine mshazari, kana kwamba nyumba nzima imefungwa isikimbie. Baba, ambaye alikuwa fundi seremala kutoka Tanga, aliyagonga siku ya kwanza kwa kifundo cha kidole akasonya. Yalikuwa hayabebi kitu. Yalipigiliwa juu ya matofali ili jengo lionekane la kale kuliko lilivyo. Lakini alipoingia ndani akaiona kaunta, hakusonya tena. Ilikuwa ya mbao nyekundu nzito, ndugu ya mkangazi, imepinda katikati ya jengo, na hapakuwa na msumari hata mmoja ulioonekana. Aliipapasa kwa kiganja kizima kutoka ncha hii hadi ncha ile.

Wakati huo Waislamu wenzetu wa Berea na Yeoville, watu wa Dar, wa Tanga, wa Unguja, walikuwa wanaswalia kwenye sebule ya mtu mmoja ghorofa ya sita, na majirani walikuwa wamechoka kuruka viatu kwenye ukumbi. Baba ndiye aliyewaletea habari ya jengo. Mwenye jengo alikuwa mzee asiyejua tena alifanyie nini, akawa radhi kumpa yeyote atakayelitunza. Wazee wetu walipokuja kulikagua, walilisoma kwa macho yao. Chini palikuwa na vyumba vitatu vilivyotengwa kwa mbao na vioo, kila kimoja na mlango wake wa barabarani. Leo najua sababu: Waingereza walijenga hivyo ili kibarua asikutane na bwana mkubwa, na mabibi wasionwe na wote wawili. Wazee wetu hawakuwa na habari hiyo. Wao waliona ukumbi wa kuingilia, chumba cha wanaume na chumba cha wanawake. Waliona meko makubwa kwenye ukuta wa kaskazini, ambako ndiko kibla kiliko kwa sisi wa huku, wakasema hapa ndipo atakaposimama imamu. Na chini ya kaunta, upande walipokuwa wakikaa wateja, waliona mfereji.

Kwa kuwa habari yote inauhusu, nieleze ulivyokuwa. Uliizunguka kaunta chini, pale inapofika miguu ya mtu aliyekaa. Upana wake ulikuwa wa kiatu kimoja na nusu, umejengwa kwa vigae vya kijani na vyeupe, na umelazwa kwa mteremko mdogo hadi kwenye tundu la kutolea maji. Juu yake lilipita bomba nene la shaba la kuwekea mguu. Mtu yeyote aliyewahi kuingia msikitini Tanga au Unguja angekwambia bila kusita kwamba hapo ni mahali pa kutawadhia. Maalim Khatibu, Mzanzibari aliyekuwa akitusomesha Kurani watoto, aliinama akapitisha kidole kwenye vigae, akasema Mungu ametutangulia hapa. Baba siku ile alishindwa kuficha meno. Alitumia wiki tatu kuunganisha maji, akaweka vikoki kumi na viwili mbele ya kaunta, akavifupisha vile viti virefu vya baa vikawa vya kukalia anayetawadha. Kila Ijumaa asubuhi alilisugua lile bomba la shaba kwa dawa yake. Ukipita nje ukachungulia, ungewaona wanaume wamejipanga kwenye kaunta wameinama, ungesema baa imefunguliwa upya.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa naliogopa jengo lile mchana kweupe. Mama alikuwa na mimba, tumbo limeshaanza kumtangulia, na alikuwa akinitania kwa woga wangu. Aliliita jengo ikulu ya walevi. Tukipita kwenye mlango wa ghala la chini ya sakafu, walikokuwa wakiteremshia mapipa, alikuwa akigonga na kusema, "Hodi wenyewe, tunapita tu," kisha anacheka peke yake kwa sababu mimi nimeshakimbia. Nilimwonea wivu kwa kutoogopa.

Kilichonitisha zaidi ni vile vioo. Kati ya chumba cha wanawake na kaunta palikuwa na safu ya vioo vidogo vya ukungu, usawa wa uso wa mtu aliyekaa, kila kimoja kikigeuka kwenye pini yake. Vilikuwa vya kumficha mnywaji asionwe na mwuzaji: unakigeuza kidogo, unaagiza, unakirudisha. Wanawake wetu walivipenda mno. Maalim alikuwa akikaa nyuma ya kaunta, mahali pa mwuza pombe, na wala hakuna aliyeona hilo ni la kuchekesha. Mwanamke mwenye swali la dini ambalo asingependa lijulikane ni lake aligonga kioo, akakigeuza, akauliza, akajibiwa bila kuonwa. Mimi kutoka mlangoni niliona mikono tu ikipita na kurudi, na nilikuwa na hakika kwamba baadhi ya mikono ile haikuwa na watu.

Darasani Maalim alitufundisha udhu kwa ukali, kwa sababu watoto huosha pua na kusahau visigino. Alisema asiyetawadha sawasawa swala yake haipandi hata ikafika darini. Nikatazama juu. Dari ilikuwa ya bati lililofinyangwa maua, nalo lilikuwa limegeuka kahawia kwa moshi wa sigara wa miaka mingi, hasa pale juu ya kaunta. Nikaelewa kwamba yale madoa ni swala za watu, zimekwama. Nilijua vizuri kwamba waliokuwapo kabla yetu hawakuwa watu wa kuswali, lakini hofu yangu haikujali mambo ya namna hiyo. Tangu siku ile nilisugua visigino hadi vikawa vyekundu.

Uani, kwenye chumba cha nyuma, aliishi Gogo Nomsa, gogo kwa Kizulu ni bibi. Alikuwa ameifagia ile baa tangu usichana wake, enzi ambazo mtu mweusi aliruhusiwa kuifagia lakini si kukaa ndani yake, na mwenye jengo alikuwa amemwacha abaki. Alizungumza Kizulu, na Kiingereza cha kuitikia tu. Wazazi wangu walizungumza Kiswahili, na Kiingereza cha kununulia mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Mimi niliyezaliwa huku nilikuwa na Kizulu cha shuleni, kwa hiyo kila neno lililopita kati ya Gogo na watu wetu lilipita mdomoni mwangu. Niliipenda kazi hiyo, na nilikuwa na maringo nayo.

Siku tuliyosoma hitima ya kufungulia mahali pale, Mama alipika pilau akanituma nikamwite Gogo. Aliingia kwa mlango wa uani, akasimama. Wanaume kama kumi walikuwa kwenye vikoki wakitawadha kwa Adhuhuri. Gogo aliweka kiganja mdomoni. Kisha akaniinamia, akaniambia kwa Kizulu, taratibu, bila kebehi yoyote.

"Ntombazane, msichana, waambie watu wako wasitie miguu mle. Mle walikuwa wanatemea mate. Na wengine wakishalewa walikuwa hawajisumbui kwenda chooni, wanakojoa hapo hapo wamesimama. Mimi ndiye niliyekuwa nikipazibua kila asubuhi."

Baba alikuwa upande wa pili, kitambaa cha kung'arishia begani, uso wake wote umefunguka. "Anasema nini Gogo?" akauliza.

Wanaume wote waligeuka kunitazama, na maji yakiwachuruzika viwikoni. Nikayaona yatakayotokea kana kwamba yameshatokea: Maalim anainuka, mtu mmoja anacheka, mwingine anakasirika, na Baba anateremsha macho yake kwenye vigae alivyovihangaikia wiki tatu. Nikasema, "Anasema mmepatengeneza vizuri."

Wakafurahi. Baba akasema nimwambie Gogo tunashukuru sana. Nikamgeukia Gogo, nikamwambia kwa Kizulu kwamba Baba anasema wanajua. Alinitazama kidogo, akainua mabega, akaenda kula pilau yake. Nilikuwa nimedanganya mara mbili kwa lugha mbili, na pilau ilikuwa bado inafuka.

Mwanzoni niliamini nitasahau. Ninyi wa rika langu mnajua jinsi uongo wa utotoni unavyoweza kulala wiki nzima ukadhani umekufa. Niliacha kutawadhia pale. Nilikuwa nikipanda juu, natumia maji ya jikoni, nashuka nimelowa. Mama aliniuliza mbona najisumbua, nikasema maji ya chini ni ya baridi. Nilipokuwa nikiwatazama wanaume wakiinuka kwenye viti na kwenda kuswali, niliitazama dari badala ya kuwatazama wao, kuona kama doa limeongezeka. Siku nyingine nilidhani limeongezeka.

Kisha Mama akaanza kuvimba miguu. Baada ya miguu ikawa mikono, pete ikagoma kutoka kidoleni, na asubuhi moja akasema anaona vimulimuli mbele ya macho. Bi Rehema, jirani yetu wa Dar es Salaam aliyekuwa amezaa watoto wanne, alimtazama mara moja tu akamwambia Baba atafute gari. Mama aliteremka ngazi amemshika Baba bega. Alipofika kwenye mlango wa ghala hakubisha hodi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo si mazuri.

Mlangoni alinigeukia. "Waambie waniombee," akasema. "Na wewe uniombee. Usitazame sakafu, nitarudi."

Watoto walikuwa hawaruhusiwi kuingia wodini, kwa hiyo Mama akageuka kuwa habari anazozileta Baba: amelala vizuri, hakulala vizuri, presha imeshuka, presha imepanda, madaktari wanataka kungoja mtoto akomae kidogo. Na kila siku baada ya Alasiri watu walibaki kumwombea. Walikuja watu hata nisiowajua, mafundi, wauza nguo, Wakongo wawili Waislamu waliokaa jengo la pili. Walisoma Yasini, ubani ukafukizwa, mikono ikainuliwa. Na wote, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamepitia kwenye mfereji. Nilikaa kwenye ngazi nikiutazama moshi wa ubani unavyopanda, unafika kwenye lile bati la kahawia, unatandaa, haupiti. Ndipo nilipofahamu kwamba ninamuua mama yangu. Sisemi hivi kwa kuikuza habari. Ndivyo nilivyojiambia, kwa maneno hayo hayo, na nilikuwa na miaka tisa.

Ningeweza kusema. Kila mtu atauliza hivyo, na mimi mwenyewe nimejiuliza miaka mingi. Lakini kila nilipofungua kinywa niliuona uso wa Baba, ambao sasa ulikuwa umesinyaa kwa kukosa usingizi, na kitu pekee kilichobaki humo chenye kumpa nguvu ni kile kikao cha Alasiri, kwenye mahali alipopajenga yeye. Ilikuwa nichague ni nani nimvunje. Nikajaribu kurekebisha kimya kimya. Niliamka mapema nikausugua mfereji kwa dawa ya chooni na brashi ya viatu hadi vidole vikachubuka. Baba alinikuta, akadhani namsaidia Mama kwa kufanya usafi, akanibusu utosini. Nilijisikia vibaya zaidi.

Basi nikaamua kuyafunga maji. Koki kuu ilikuwa kule ghalani. Nilishuka baada ya kutoka shule, tochi mkononi, ngazi kumi na moja za mawe. Kule chini palikuwa baridi kama nje kuna majira mengine, na harufu ya pombe iliyochacha ilikuwa bado imo ukutani. Mwanga uliingia kidogo tu kupitia milango ya kuteremshia mapipa iliyo kwenye njia ya waenda kwa miguu, na miguu ya watu ilikuwa ikipita juu ya kichwa changu, kwa-kwa, kwa-kwa. Nilijaribu kusema "Hodi wenyewe" kama Mama, nikaishia kwenye "Hodi" tu. Niliizungusha koki kwa mikono yote miwili hadi mwisho, nikapanda ngazi mbio bila kutazama nyuma.

Nilikuwa nimetegemea watatawadhia kwenye bomba la uani, kwa Gogo. Hawakufanya hivyo. Walifungua vikoki, vikakohoa. Kijana mmoja aliyekaa Johannesburg muda mrefu akasema, "Eish, wamekata tena hawa," na wote wakaafiki, maana maji kukatika hakukuwa jambo la ajabu. Wakaondoka kwenda kutawadhia makwao, na aliyefika kwake alibaki huko huko. Siku ile waliobaki kumwombea Mama walikuwa Baba, Maalim na wengine wawili, waliokuwa na udhu tayari. Sauti zao zilikuwa ndogo mno kwenye chumba kile kikubwa. Baba baadaye alishuka ghalani, akaikuta koki imefungwa, akalaumu ukale wa mabomba. Jioni aliporudi kutoka hospitali alisema Mama hakumtambua mara moja alipoingia.

Sikuweza tena. Kesho yake kabla ya Alasiri, wanawake wakiwa hawajafika, niliingia chumba chao nikapanda kwenye kiti. Niligonga kioo. Nilikigeuza kidogo. Upande wa pili niliona mkono wa kanzu na tasbihi. Nikaikaza sauti iwe ya mtu mzima.

"Maalim, mtu akitawadha mahali ambapo zamani watu walikuwa wakitema mate. Na wakikojoa. Naye hajui. Udhu wake unasihi?"

Tasbihi ilisimama.

"Mate ya binadamu si najisi," akasema. "Mkojo ni najisi. Lakini maji yakipita juu yake yakaondoa rangi yake na harufu yake, pameshatoharika. Hapo maji yamepita mara ngapi?"

"Nyingi."

"Basi udhu unasihi, bila shaka yoyote."

"Na dua ya mtu huyo?" Sauti ya utu uzima ilikuwa imeshanikimbia. "Akimwombea mgonjwa, inafika?"

"Inafika, mwanangu," akasema Maalim. "Inafika kama ilivyotoka."

Nilikirudisha kioo nikaketi sakafuni nikalia kwa furaha. Sijawahi tena maishani mwangu kutuliwa mzigo mzito namna ile. Niliikumbuka dua yote iliyosomwa wiki zile, Yasini zote, mikono yote, nikaona kila moja imefika. Siku ile nilikula sahani mbili kwa Bi Rehema, na mwenyewe akastaajabu. Nilimwambia kwamba Mama anarudi.

Asubuhi iliyofuata Baba aliingia kwa mlango wa wanawake, ambao hakuwahi kuutumia. Nyuma yake alikuwa Bi Rehema, na mikononi mwake hamkuwa na mtoto bado. Mtoto alikuwa hospitali, wa kiume, mdogo, mzima. Mama alikuwa amefariki alfajiri. Baba aliniambia hivyo hivyo, amechutama mbele yangu, amenishika viganja vyote viwili. Sikulia. Nilikuwa nahesabu. Nilikuwa naitafuta siku iliyoharibika, nikaiona ile ya koki, ya watu wanne, nikaishikilia hiyo.

Siku ya tatu, baada ya hitima, watu waliondoka na sufuria zao. Mtoto alikuwa ameletwa, yuko juu kwa Bi Rehema. Nilimkuta Baba ukumbini amekaa kwenye kimojawapo cha vile viti alivyovifupisha. Kikoki mbele yake kilikuwa wazi, maji yanapita mferejini, naye hatawadhi. Nilisimama kando yake.

"Baba," nikasema, "siku ile Gogo hakusema mmepatengeneza vizuri."

Nikamweleza yote, mate na mkojo, nilivyomjibu Gogo, koki ya ghalani, swali la kwenye kioo. Sikuacha kitu. Hakunikatiza, na hakunitazama. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na nadhani kipigo kingenisaidia.

Nilipomaliza akauliza, "Maalim alikujibu vipi?"

"Alisema udhu unasihi. Alisema dua inafika."

"Basi inafika."

"Hata siku ile walipokuwa wanne?"

"Hata angekuwa mmoja, mwanangu."

Nikangoja aseme neno jingine. Alikuwa Baba, lazima lilikuwapo neno jingine. Wiki zote zile nilikuwa nimebeba kosa zito, lakini lilikuwa kosa lenye mpini: mtu angeweza kulishika, akalinyoosha, na Mama akarudi. Sasa nilikuwa naambiwa kwamba hapakuwa na kosa. Watu walitawadha sawasawa, waliomba sawasawa, ikafika.

Baba alifunga kikoki. Alipanda juu, akarudi na nyundo na tindo. Akapiga magoti mwanzoni mwa mfereji, pale karibu na mlango, akaweka tindo kwenye kigae cha kwanza. Aliyevijenga alikuwa fundi. Kigae hakikukubali mpaka pigo la nne. Cha pili kikatoka nusu. Vipande vya kijani vikaruka hadi miguuni kwangu.

Maalim Khatibu aliingia kwa ajili ya Alasiri, viatu mkononi, akasimama kizingitini.

"Fundi," akasema, "huo mfereji hauna kosa."

"Najua, Maalim," Baba akajibu, akaendelea kupiga.

Maalim akaweka viatu chini, akakunja kanzu yake, akachukua karai, akachutama nyuma ya Baba akawa anaokota vipande. Mimi nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Maisha yangu yote niliamini kwamba kila ninachokiogopa kitakwisha siku Baba atakapokijua. Sasa Baba alikuwa anakijua, na alikuwa anavunja kitu alichojua hakina kosa.